Trei Tatu za Shangazi

Naanza kwa kusema wazi: kompyuta haina nuksi, wala haimchukii mtu. Haijui hata nani amekaa mbele yake. Mtu akiniambia vinginevyo damu inanichemka, na wiki ile ilinichemka mpaka nikajiogopa mwenyewe. Watu wazima, tena wa damu yangu, walikaa ndani ya studio yetu ya picha wakakubaliana eti bakapu inaanguka kwa sababu ya Shangazi.

Ngoja niwapange ukoo kwanza. Baba ndiye mwenye studio. Shangazi ni dada yake mkubwa, na ndiye mwenye meza ya mbele: anapokea kazi, anapanga picha, anawapa wateja bahasha zao huku akiwauliza habari za watoto mmoja mmoja. Kaka yangu ni mpiga picha. Mtaa mzima unamwita Flashi, na jina limemkaa, kwa sababu hata akiongea anamulika mara moja halafu anazima. Mimi nashughulika na kompyuta, kwa hiyo naitwa Fundi, ingawa bisibisi sijui hata inashikwaje.

Sasa, kwetu bakapu, yaani nakala ya akiba ya picha zote, si mchezo. Huko nyuma diski yetu iliwahi kufa ghafla ikiwa na harusi ya watu ndani. Bibi harusi alilia pale kaunta, mama yake akalia, Baba naye akajifungia stoo akasema anatafuta karatasi. Hakuna aliyedanganyika. Tangu siku ile Baba aliweka sheria: kila mchana tukifunga mlango kwa ajili ya chakula, bakapu ipite. Isipopita, hakuna kupokea kazi mpya mpaka ipite.

Bakapu yenyewe niliipanga mimi. Natumia programu ya kufungasha mafaili, ile ya kizamani inayoendeshwa kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi. Flashi anaidharau kwa sababu haina vitufe wala rangi. Mimi naipenda, kwa sababu hainipotezei muda kwa madoido. Jumapili inafungasha kila kitu, na inachukua mchana kutwa. Siku nyingine inafungasha nyongeza tu, yaani kile kilichoongezeka au kubadilika tangu mara ya mwisho. Ili ijue kilichobadilika, ina faili lake dogo la kumbukumbu: jana folda zilikuwa hivi. Inalinganisha na hali ya leo, inachukua tofauti, kazi imekwisha hata sahani hazijaoshwa.

Ndivyo ilivyokuwa, mpaka tulipomhamishia Shangazi kwenye kompyuta. Kabla ya hapo yeye alikuwa na meza yake na trei zake za plastiki, mambo ya mafaili yalikuwa ya Flashi. Tulimnunulia kompyuta ya mezani, nikamfundisha, akaelewa upesi kuliko nilivyotarajia. Alijivuna huyo. Wateja wakija alikuwa anageuza kioo kidogo ili na wao waone. Na haukupita muda, bakapu ya nyongeza ikaanza kuanguka.

Ilikuwa inaanza vizuri tu. Inataja folda moja, inataja nyingine, halafu kimya, halafu inatoa sentensi moja ya Kiingereza ambayo maana yake ni kwamba programu imetia mkono kwenye sehemu ya mashine isiyo yake, na mashine imeifukuza. Kinachobaki ni faili la bakapu nusunusu, yaani takataka.

Mtu wa kwanza kumshuku alikuwa Flashi, sioni haya kusema. Ana tabia ya kufungua picha wakati bakapu inaendelea, na mafaili yake anayapa majina marefu yenye alama ambazo hata kibodi inazishangaa. Nilimtoa nje ya chumba yeye na sahani yake ya chakula. Bakapu ikaanguka vilevile. Akarudi, akavuta kiti changu, akakaa anakula polepole huku ananitazama usoni.

Nikaipima diski: nzima. Nikabadilisha waya: wapi. Nikaweka programu ya kupima kumbukumbu ya mashine, ikapima mchana mzima ikasema haina kasoro. Mwisho nikalifuta lile faili dogo la kumbukumbu na kufungasha kila kitu upya, na hapo ikapita bila kinyongo. Nikatembea studio nzima nikitangaza ushindi. Kesho yake mchana ikaanguka, na ilinibidi nijifanye nina simu ya kupiga nje.

Kisha Shangazi akaenda hospitali kwa ajili ya goti lake, daktari akamwambia akae nyumbani siku kadhaa. Siku hizo zote bakapu ilipita kimya kimya. Akarudi asubuhi, tukamkaribisha, tukampa kiti cha kunyooshea mguu, na mchana ule ule ikaanguka.

Flashi akamulika: labda haimpendi Shangazi. Tulicheka, na Shangazi mwenyewe alicheka. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama na kikombe chake anaangalia kile kiti cha mezani, na mimi nikaona kabisa kwamba utani umeingia mahali pabaya.

Jioni akaniita stoo. Aliongea kwa upole, na Baba akiongea kwa upole ujue ameshaamua. Alisema Dada amefanya kazi vya kutosha. Alisema goti linamsumbua, huu ndio wakati wa kupumzika, na Flashi anaweza kukaa mezani. Nilimuuliza goti linahusiana nini na bakapu. Akasema yeye hasemi mambo ya uchawi, anasema tu labda kuna kitu mkono wake unabonyeza bila kujua. Mahafali ya shule nzima yalikuwa yanakuja mwanzoni mwa wiki inayofuata, picha za kila mtoto na mzazi wake, na yeye hawezi kusimama tena mbele ya mama anayelia pale kaunta. Kama bakapu haitakaa sawa kabla ya hapo, Shangazi atakwenda nyumbani.

Nilimjibu kwa sauti ambayo mtoto hatakiwi kumjibia baba yake. Nilimwambia kompyuta haimjui mtu. Akasema basi nioneshe inachokijua.

Tatizo ni kwamba ukuta wa stoo ni plaiwudi. Tulipotoka, Shangazi alikuwa anafunga meza yake kama kawaida, anafuta kioo cha kaunta, anapanga kalamu. Halafu akatoa mto wake kwenye kiti akauingiza kwenye mkoba. Huo mto ameukalia tangu mimi sijazaliwa. Ameshaubadilisha foronya sijui mara ngapi, lakini haujawahi kulala nyumbani. Roho iliniuma, nasema kweli. Shangazi hana mume wala mtoto. Ana sisi, na ana ile meza.

Nilimfuata mlangoni. Nilitaka kusema mengi, akaniwahi.

"Usigombane na baba yako kwa ajili yangu," alisema. "Kama nimeharibu, nimeharibu. Ila sijui nimeharibu nini, na hilo ndilo linaloniuma."

Na mimi lilikuwa linaniuma hilo hilo. Asubuhi nilimpitia nyumbani kwake nikamwambia leo afanye kazi yake kama siku zote, asiongeze wala asipunguze, mimi nitakaa pembeni nimtazame. Alikuja, lakini mto hakuja nao. Akakaa kwenye kile kiti kikavu, mgongo umenyooka, kama mgeni aliyekuja kuomba kazi.

Akafuta vumbi. Akawasha kompyuta akaisalimia, maana yeye huisalimia. Kisha akafungua folda zake, na hapo ndipo inabidi niwaeleze habari ya trei.

Kabla ya kompyuta, Shangazi alikuwa na trei tatu za plastiki kwenye kaunta. Kila moja ilikuwa na karatasi iliyobandikwa mbele: Leo, Jana, Juzi. Kazi zilizoingia leo ziko Leo. Asubuhi ikifika hahamishi bahasha moja moja, hana muda huo. Anachukua trei ya Juzi, vilivyobaki ndani anavimwaga kabatini, trei inabaki tupu. Halafu anabadilisha karatasi tu: iliyokuwa Jana inakuwa Juzi, iliyokuwa Leo inakuwa Jana, na ile tupu inakuwa Leo mpya. Trei ni zile zile, zinazunguka. Wateja wote wanajua, wengine wakiingia wanaanza kabisa na kusema, mimi niko Juzi.

Kwenye kompyuta alikuwa anafanya hivyo hivyo. Nilimwona kwa macho yangu. Alifungua folda ya Juzi, akahamishia vilivyomo kwenye folda anayoiita Kabati. Folda tupu akaibadilisha jina, akaiita Subiri. Jana akaiita Juzi. Leo akaiita Jana. Kisha Subiri akaiita Leo. Akanyoosha vidole, kazi ya siku ianze.

Nilimuuliza kwa nini haifuti tu ile tupu akatengeneza mpya. Alinitazama kama nimemwambia atupe sufuria baada ya kupika.

"Trei nzima, haina ufa," alisema. "Naitupa ya nini?"

Nilishika kichwa. Halafu nikacheka peke yangu, mpaka akaniuliza kama nimekula asubuhi.

Ni hivi. Ile programu haizijui folda kwa majina tu. Kila folda imepewa namba na diski, na namba haibadiliki hata ukiipa folda jina jipya. Kwa hiyo programu inatazama kumbukumbu yake na kujiuliza: huyu Leo alikuwa nani jana? Alikuwa Juzi. Na Juzi wa sasa? Alikuwa Jana. Na Jana? Alikuwa Leo. Na Leo alikuwa nani? Alikuwa Juzi. Inazunguka hivyo, inazunguka, inamfuata kila mmoja alikotoka, mwisho inapatwa na kizunguzungu inatia mkono kusiko kwake. Watu wengi wakibadilisha jina la folda wanabadilisha moja wakaishia hapo. Nani mwingine duniani anazungusha folda zile zile kila asubuhi kwa sababu hataki kutupa trei?

Na kila kitu kikakaa mahali pake. Siku ya kufungasha vyote haikuanguka kwa sababu hakukuwa na jana ya kulinganisha. Siku ambazo Shangazi alikuwa nyumbani haikuanguka kwa sababu Flashi, mvivu wangu, alirundika kila kitu ndani ya Leo na hakuzungusha chochote.

Lakini kujua si kuthibitisha, na Baba alisema nimwoneshe. Nikatoa laptopu yangu mwenyewe, ambayo Shangazi hajawahi hata kuigusa. Nikatengeneza folda tatu tupu, hazina hata picha moja. Nikafungasha zote: ikapita. Nikazungusha majina kama alivyofanya Shangazi, nikafungasha nyongeza, ikaanguka chali. Nilipiga meza kofi kwa furaha mpaka mteja aliyekuwa anapigwa picha ya pasipoti akafumba macho, na Flashi akalazimika kumpiga tena.

Nikamwita Baba. Alikuja na miwani yake na uso wake wa kutoshawishika. Flashi akaja kwa sababu anapenda kesi. Shangazi alibaki kule mlangoni, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nilikataa kubonyeza mimi. Nilimwambia Baba akae, azungushe majina yeye, kwa kidole chake mwenyewe, na nikamwelekeza hatua kwa hatua. Alikuwa anatafuta kila herufi kwa kidole kimoja. Akamaliza, nikamwambia sasa bonyeza.

Ile sentensi ya Kiingereza ikatokea. Baba akaitazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama tena.

Shangazi akasogea kutoka mlangoni, akainama juu ya bega lake, akasoma kioo.

"Pole, mdogo wangu," alisema. "Na wewe sasa kapumzike nyumbani."

Flashi alikaa chini sakafuni kwa kicheko. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Baba alijaribu kukaza uso, midomo ikamsaliti, na mwisho yeye ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka machozi. Alipopata pumzi alisimama, akamshika dada yake mikono miwili, akamwomba msamaha mbele yetu. Shangazi akasema atafikiria. Kwa jinsi alivyokuwa anatabasamu nilijua ameshamaliza kufikiria, ila ana haki ya kumchelewesha.

Basi likabaki swali la nini kifanyike. Flashi akamulika tena: si Shangazi awe anatengeneza folda mpya kila siku, mambo yaishe? Shangazi akakubali haraka, tena haraka mno, kwa jinsi alivyokuwa ameogopa kuonekana msumbufu. Hapo hasira zangu zikapanda upya. Folda ina haki ya kubadilishwa jina. Mtu hajafanya kosa lolote, anapanga kazi yake kwa usafi kuliko sisi sote, halafu yeye ndiye abadilike? Nikasema hapana. Itakayobadilika ni programu.

Kwa wakati ule nilitafuta njia ya kupitia. Asubuhi Shangazi azungushe trei zake, lakini ile tupu aiache na jina la Subiri. Jina jipya linakata mzunguko, programu inaona mstari wenye mwanzo na mwisho, haipati kizunguzungu. Bakapu ikishapita mchana, ndipo Subiri iitwe Leo, na bakapu ipite mara ya pili ili faili la kumbukumbu lilijue jina hilo kabla ya kesho. Kazi za asubuhi zilikaa ndani ya Subiri, na wateja waliozoea kuuliza kama wako Leo au Jana walijibiwa kwa heshima zote kwamba wako Subiri. Mmoja alinuna. Mahafali yalikuja hivyo hivyo, shule nzima ikaingia Subiri, na bakapu ikapita kila mchana. Siku ya kwanza ya mahafali Shangazi alikuja na mto wake. Baba mwenyewe ndiye aliyemtandikia kitini.

Nilimwandikia pia mtunzaji wa ile programu. Ni jamaa anayekaa mbali huko, simjui, anaitunza kwa mapenzi yake. Nilimweleza inaanguka lini na haianguki lini, nikamtumia ule mfano wangu mdogo wa folda tatu tupu ili ajionee mwenyewe. Alijibu kesho yake. Alishukuru sana, akasema kwa miaka yote hakuwahi kuletewa mzunguko wa namna hiyo, na akauliza kama nimeutunga. Nikamwambia sijautunga, ni utaratibu wa Shangazi, na nikamweleza habari yote ya trei na kabati.

Baada ya muda toleo jipya likatoka. Nililiweka mchana, tukakusanyika wote na sahani zetu. Asubuhi ile Shangazi alikuwa amezungusha trei zake kikamilifu, bila Subiri kubaki popote. Programu ikataja folda moja moja, ikamaliza, ikakaa kimya. Ule ukimya mzuri. Baba akapumua akarudi kwenye chakula chake.

Mimi nikabaki kwenye kioo, kwa sababu nilitaka kuona amerekebishaje. Programu kama hizi zina majaribio yake: kabla hujaitumia, mashine inaipitisha kwenye makosa yote ya zamani ili ihakikishe hayajarudi. Nikashuka kwenye orodha ya majaribio mapya. Pale, katikati ya Kiingereza kitupu, nikakuta: Leo, Jana, Juzi, Subiri. Aliyaacha majina vilevile.

Nikamwita Shangazi. Nikamweleza kwamba mtu yeyote, nchi yoyote, akiitengeneza hii programu kwenye mashine yake, kitu kimojawapo kinachofanyika kwanza ni kuzungusha trei zake. Akauliza, kila siku? Nikamwambia kila siku, mahali fulani, hata sisi tukiwa tumelala. Alishika ukingo wa meza yake. Macho yalimjaa, na mimi yangu pia, sitaki kudanganya. Baba akaacha kula.

Kisha Shangazi akavuta kiti karibu na kioo.

"Na Juzi wanaimwaga kwanza kabatini," akauliza, "au wanaizungusha na vitu ndani?"

Nikasoma tena. Hawakuwa wanaimwaga. Shangazi akatikisa kichwa, akasema hiyo si kazi safi, niwaandikie. Nilidhani anatania, lakini alisimama pale mpaka nikaandika, akataka nimsomee barua nzima kabla sijaituma.

Jamaa alirekebisha. Kwenye jaribio sasa kuna Kabati, na juu yake ameandika maelezo mafupi kwa lugha yake, kwamba Juzi lazima imwagwe kabla ya kuzungushwa, kwa agizo la Shangazi. Neno hilo hakulitafsiri, ameliandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa mwanzoni. Nafikiri anadhani ni cheo. Sijamsahihisha.